Mume Wangu Haendi Hospitali Mpaka Mbwa Apate Pa Kukaa

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na nakuomba usinicheke, maana ninayeandika ni mtu mzima mwenye wajukuu na shida yangu ni mbwa.

Naishi Chanji hapa Sumbawanga na mume wangu Urbano, ambaye alikuwa mlinzi wa maghala ya shirika la mazao mpaka walipopunguza wafanyakazi na maghala yakachukuliwa na wafanyabiashara, akarudi nyumbani na mbwa jike anaitwa Popi ambaye hakuna aliyemtaka, na tangu mwaka jana alipopooza upande mmoja hataki kuongea na mtu ila huyo Popi, mimi namlisha, namwogesha, namgeuza kitandani, ananijibu kwa kichwa tu, lakini mbwa akiingia anaongea naye mpaka mate yanamtoka. Sasa daktari ametuandikia twende hospitali ya rufaa Mbeya, tukae huko miezi kwa mazoezi, na amesema tukichelewa mkono ule hautarudi tena, ila Urbano ameshika neno moja tu: "Popi atakula kwa nani?" Asipojibiwa haondoki, na jibu sina.

Mdogo wake Modesti, aliyeko kijijini, anasema mbwa wa kaka ni wake, akila kwa mtu baki ni aibu ya ukoo, watu watasema kwetu ugali umekwisha, lakini mbwa wake nawajua, anawapeleka shamba la ulezi kufukuza nyani na wakirudi hakuna anayekumbuka kuwatilia chochote, mbavu zinahesabika. Halafu nje ya mji kuna mstaafu mmoja amefungua kambi ya mbwa, siku hizi kila mtu na biashara yake, ana bango, ana uzio wa mabati, mabanda yamepakwa chokaa, na nilipoingia mbwa wote wale hakubweka hata mmoja, nikasema hapa kuna nidhamu, ila amesema ukishamleta mbwa huruhusiwi kuja kumtazama mpaka siku ya kumchukua. Wa tatu ni Msukuma mmoja, Luhende, aliyehamia na ng'ombe wake pembeni mwa mji, mkewe huwapikia mbwa ugali wao na kuumwagia maziwa ya mgando, lakini nilipofika na Popi nikamuuliza malipo akakataa, akasema, "Mama, huyu ana mimba. Akizaa nipe mmoja jike, inatosha." Nikashtuka, nikaona anamnyemelea mbwa wetu, maana anayekataa hela ana lake jambo, na majirani nao wakasema hao leo wapo, kesho wameshahama.

Mshauri, nimechoka. Juzi nimewaza nimpeleke Popi sokoni Mazwi nimwache apotee, nimwambie Urbano yuko kwa mdogo wake, twende zetu Mbeya. Nijibu kabla sijafanya hivyo.

Fortunata, Chanji

Bi Fortunata, shikamoo ni yangu kukupa wewe, mimi wajukuu bado.

Tuanze na hilo la sokoni. Usithubutu. Mumeo amepooza mkono, hajapooza akili. Huko Mbeya atakuuliza habari za Popi kila asubuhi, nawe utadanganya kila asubuhi, na siku akijua, hata kile kichwa hatakutikisia tena. Umechoka, na mtu yeyote angechoka. Lakini umechoka mpaka unaona mambo kinyume.

Mbwa wote wale wasibweke mgeni akiingia, wewe unaita nidhamu? Mbwa mwenye afya lazima akuulize wewe nani. Wakinyamaza wote, ama wana njaa ama wanaogopa fimbo, na mwenye kambi anayekufungia mlango anajua anachoficha. Achana na chokaa yake.

Luhende umemwonea. Hujaona Wasukuma wanavyowekeana ng'ombe? Mtu humkabidhi mwenzake ng'ombe, mtunzaji hunywa maziwa, na kwenye ndama hupata wake, ila ng'ombe hubaki wa mwenyewe hata miaka ipite. Amempa mbwa wako heshima ya ng'ombe, wewe ukamwona mwizi. Mwenye kambi akishalipwa hela yake, Popi akifa anapoteza nini? Luhende anayesubiri mtoto wa Popi atamlisha kuliko hata wewe. Lakini usiniamini mimi. Nenda kwake jioni bila kutoa taarifa, wakati wa kulisha, utazame kama mbwa wanamkimbilia au wanamkwepa. Habari ya kuhama muulize mwenyewe, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Ukiridhika, Urbano apelekwe, hata kwa kusukumwa kwenye baiskeli, amwone Popi akila pale, na amkabidhi kwa mkono wake mzima. Hilo ndilo jibu analolingoja.

Modesti aambiwe kabla mbwa hajahama, asije akasikia kilabuni. Akianza habari za aibu ya ukoo, mjibu hivi: "Shemeji, mbwa amepata pa kukaa. Aliyebaki ni kaka yako." Maana umeniandikia barua nzima mbwa atakula wapi, hukuandika wewe utalala wapi Mbeya, wala nani atakaa na mgonjwa ukienda kuoga. Ulezi umeshavunwa, nyani hawana cha kuiba. Modesti afungashe, mwende wote, mpokezane kumgeuza. Na usiku wa kwanza mwachie yeye. Wewe lala.