Lipiko Haugui

Jumatatu, 1 Julai 2024

Kitomanga.

Naandika kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza, miaka kumi na moja sasa: mimi ndiye lipiko. Yule anayetoka na kinyago kichwani siku vijana wanaporudi kutoka jandoni, wanawake wakakimbia huku wanapiga vigelegele. Mwanamke hatakiwi kujua nani yumo ndani. Hata Consolata, mke wangu. Basi, nimeandika. Kuku bado wanaparua nje.

Juzi nikiwa mle ndani pumzi ikakata. Moyo mbio! Nikaona nakufa, na watu wanashangilia, wanadhani ni mtindo mpya. Jumamosi ya tisa mfululizo hiyo nacheza, maana msimu huu vijana wanatoka jandoni kila wiki. Usingizi sina. Jana nimemfokea Consolata kwa sababu ya chumvi — na chumvi ilikuwepo.

Jumanne, 2 Julai

Zahanati. Nesi Dativa kapima presha, kapima malaria, hakuna kitu. Akauliza ni kazi gani inanielemea. Naye ni mwanamke — nimwambie nini? Nikasema magunia. Magunia ya ufuta!

Aliniangalia sana. Akasema mwili hauna kosa, akili ndiyo imechoka, na akili nayo ni kiungo: goti likiteguka hulitembelei. Akaandika kwenye karatasi, niiache kazi hiyo wiki nne. Hiyo hiyo inayokukata pumzi, alisema. Ukiacha nyingine zote na hiyo ukaendelea nayo, umejidanganya mwenyewe.

Alhamisi, 4 Julai

Consolata kasoma karatasi. Balaa! Kaka yake kaja kubeba magunia yote matano mpaka ghalani. Mimi nimewekwa kwenye kiti kama mgeni wa heshima. Nikigusa hata ndoo ya maji — Baba Brighton, weka chini!

Na keshokutwa nacheza jioni nzima na kinyago kichwani. Njia ya mwongo fupi, yangu imeishia kitini. Nimecheka peke yangu, halafu nikalia kidogo. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 5 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Mikaeli, mkubwa wa kundi letu la ngoma. Shikamoo, marahaba, kisha nikaropoka yote. Lipiko haugui, akasema, anayeugua ni mtu. Nikamwambia basi huyo mtu ndiye mimi.

Kesho atamvalisha Nassibu kinyago. Kijana ana mabega mazuri, ila ngoma ikigeuka anachelewa. Wiki nne? Hataki kusikia. Nimepewa kesho tu, na Nassibu akishindwa atatuma mtu anifuate. Nilipokuwa naaga akaongeza: kinyago hakina jina, Leonadi. Watu wakizoea miguu mingine, ndiyo basi.

Hilo limeniuma mpaka sasa. Naogopa kuingia mle ndani. Na naogopa nisipoingia asiwepo hata mmoja wa kuuliza niko wapi. Nitakuwa nani? Mkulima mwenye karatasi ya nesi. Nimezunguka nyumba mara nne, nimekaa, nimesimama, nimefagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Jumamosi, 6 Julai, saa kumi na nusu jioni

Tumerudi nyumbani. Ngoma inasikika mpaka hapa mezani.

Leo nimekaa na watazamaji, sijawahi, kando ya Consolata. Lipiko akatoka. Wanawake wakakimbia. Consolata hakukimbia. Akaitazama miguu ya lipiko, akasema polepole: si yeye. Si yeye nani? nikauliza. Akasema kila Jumapili ananikanda vidole vya miguu kwa maji moto, miaka kumi na moja, na magunia hayachubui vidole. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Kama ndiyo kazi aliyoikataza nesi, alisema, basi wiki nne ni wiki nne.

Anajua! Miaka yote hiyo anajua! Nilitaka kumkumbatia palepale, na nilitaka kukimbia.

Halafu ngoma ikageuka. Nassibu akachelewa. Akachelewa tena, akasimama katikati ya uwanja, ngoma inamwita, yeye kasimama tu. Nilijua anasikia nini mle ndani. Maskini! Nikainuka. Consolata akanishika shati, akasema twende nyumbani. Nikamfuata. Sijui kama nimefanya vizuri.

Ngoma imenyamaza. Watu wanapiga miluzi. Sasa imeanza tena — mdundo wa kuita, ule wangu.

Hodi! Anthony huyo, wa kundi letu, anahema. Consolata kawahi mlangoni. Leonadi yupo? Yupo, anapumzika. Anatakiwa uwanjani, shemeji, sasa hivi. Kwa kazi gani?

Anthony kimya. Hawezi kumwambia mwanamke. Kilichonifunga mdomo kwa nesi kimemfunga na yeye.

Kazi gani, shemeji? Consolata anauliza tena, taratibu kabisa. Kama ni magunia, mwenzio kakatazwa.

Anthony bado kasimama. Anakohoa. Haondoki.

Nikiita tu jina la Anthony kutoka hapa, yamekwisha, natoka. Nimeuma kalamu. Chini ya meza miguu imeshaanza kuufuata mdundo.