Nilikuwa Nimelala, Yeye Alikuwa Macho

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lililo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi afande. Kazini naitwa Gogo.
Umri: miaka 43.
Elimu: darasa la sita, sikumaliza.
Kazi: dereva wa lori la masafa marefu.
Makazi: hadi jana, chumba cha madereva ndani ya yadi ya kampuni. Leo asubuhi nimekuta godoro langu limetolewa nje. Nyumbani kwangu hasa ni mbali, siku mbili kwa basi.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemwambia onyo hilo ampe pia aliyekaa nje kwenye benchi, yaani meneja wa kampuni yetu, aliyenifuata mpaka hapa kituoni bila kuitwa.

Mimi na mwenzangu tunaendesha lori moja. Mmoja akishika usukani, mwingine analala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti huku gari linatembea, kisha tunabadilishana. Kwa njia hiyo mzigo hausimami. Mwenzangu anaitwa Kobe kwa sababu hana haraka. Amenizidi umri, mimi namwita kaka. Tumekuwa gari moja kwa miaka minne. Sasa hivi yuko hospitali, miguu yote imevunjika na mkono mmoja umefungwa pingu kitandani, kwa sababu inasemekana alisinzia akiendesha. Mimi nasema hakusinzia.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, tukiwa bado yadini, Kobe alilizunguka gari kama desturi yake. Kwenye trela alisikia upepo wa breki unavuja. Na mimi niliusikia. Alimwita fundi. Fundi aliingia chini ya trela, akatoka akijifuta mikono, akasema bomba la upepo limechoka na libadilishwe. Meneja alikuja akasema, "Bomba linakuja kesho. Mzigo unaondoka leo."

Kobe akamwambia, "Meneja, njiani kuna ule mteremko."

Meneja akajibu, "Mteremko huo upo tangu babu yako hajazaliwa. Kama umezeeka sema, nitafute mwenye damu moto."

Kobe alipanda garini. Ana watoto watatu shuleni. Tuliondoka na katoni za mafuta ya kupikia.

Nilianza mimi kuendesha. Kwenye kila mteremko mdogo nilitumia gia zaidi kuliko breki, na breki zilishika. Mchana tulibadilishana kwenye kituo cha mafuta. Nilimwambia Kobe bomba bado linapumua. Akasema, "Nimesikia, mdogo wangu. Nenda kalale." Nilikula kidogo, nikavua viatu, nikapanda kitandani.

Hapa afande ameniuliza mtu anawezaje kulala mchana kweupe ndani ya lori linalonguruma, na ametabasamu. Namweleza, na naomba aandike kama ninavyosema.

Kitanda kimekaa kwa upana wa gari. Kichwa naweka upande wa abiria, miguu nyuma ya kiti cha dereva. Mgongo naubana ukutani, mkanda wa kitanda napitisha kifuani na kiunoni. Macho nayafunga kwa kitambaa cheusi. Simu nazima, maana mke wangu akinipigia kuhusu paa la nyumba sitalala, na paa lenyewe halitazibika eti kwa sababu mimi niko macho. Lakini hayo yote ni maandalizi tu. Usingizi wenyewe anautoa aliyeshika usukani.

Niliwahi kupangwa na dereva tunayemwita Pilipili. Kwa miezi mitatu sikulala. Huyo alikuwa akisinzia kweli, na nilimjua kutoka kitandani bila kumwona. Gari linaanza kuteleza polepole kwenda pembeni, tairi zinakwaruza kokoto, halafu linavutwa ghafla na wewe unabingirika. Likitokea hilo mara mbili, mwili hautakubali tena kulala hata ukiubembeleza. Nilimwomba meneja anitoe kwenye gari hilo. Alinicheka, lakini alinitoa.

Kobe ni mtu mwingine. Tukibadilishana, swali lake la kwanza si hali ya barabara. Ananiuliza, "Umelalaje?" Nikisema vibaya anauliza ni wapi. Nikimwambia pale baada ya daraja umefunga breki kama umeona simba, anasema, "Nilimwona mbuzi. Nisamehe." Safari ijayo mahali hapo anapita kama amebeba mayai. Na yeye akitoka kitandani mimi namuuliza vilevile. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Nimezoea mpaka nikienda likizo nyumbani sipati usingizi, kitanda kimetulia mno. Mke wangu hukisukuma kwa mguu huku ananiuliza, "Hivi mimi niliolewa na mtu au na lori?"

Akitaka kuniamsha, Kobe hapigi kelele. Anapeleka mkono nyuma ya kiti na kunifinya kidole gumba cha mguu. Mmoja wetu akichoka kabla ya zamu yake kwisha anamfinya mwenzake, na anayefinywa anaamka bila kununa. Kobe amenifinya hivyo mara nyingi. Hajawahi kuona aibu ya kuchoka, ndiyo maana nalala.

Siku hiyo nililala fofofo. Sikubingirika, sikusikia kokoto. Kilichoniamsha ni sauti ya Kobe, mara ya kwanza kumsikia akiipaza tangu nimjue. Alisema, "Gogo, shika mkanda. Trela halina breki."

Nilishika mkanda kwa mikono miwili. Alikuwa anashusha gia, injini inalia, na honi haikomi. Nilisogeza pazia. Tulikuwa kwenye ule mteremko. Chini kabisa kuna makutano ya barabara, na yalikuwa yamejaa watu, baiskeli na mikokoteni. Kobe akasema, safari hii kwa sauti yake ya siku zote, "Hatufiki kule. Nalipeleka ukingoni." Akalipeleka. Tuligonga ukingo wa udongo, kichwa cha lori kikalala upande wa abiria. Kobe alibanwa miguu chini ya usukani. Mimi mkanda uliniachia michubuko tu.

Mlango uliokuwa juu ni wa dereva. Nilipanda nikatokea huko kuomba msaada, nikiwa na fulana ya ndani, miguu mitupu, na kitambaa changu cheusi kimekwama kwenye paji la uso. Watu walikuwa wameshafika. Mama mmoja muuza matunda akasema, "Mwoneni dereva, alikuwa amelala." Mwingine akasema, "Tena kajiandaa, na kitambaa cha macho." Wakacheka, na mmoja akanizaba kofi. Nikawaambia dereva yuko ndani, amebanwa. Nani angenisikiliza? Kwao lori lina dereva mmoja, na huyo wameshamwona akitoka na usingizi usoni. Maneno hayo, kwamba dereva alilala, ndiyo yaliyomfikia askari wa barabarani, na alipomkuta Kobe kwenye usukani, ndiyo yaliyomfunga Kobe pingu.

Siwalaumu waliosema walichokiona. Yupo mwendesha baiskeli aliyevunjwa mkono na katoni zilizomwagika, nimekwenda kumpa pole. Ninayemlaumu ni mtu anayejua ukweli.

Jana meneja alinikuta kwenye veranda ya hospitali. Alisema, "Watu wote wanasema dereva alilala. Wewe sema ulihisi gari linayumba kabla ya ajali, basi. Nitakupa gari lako mwenyewe."

Nikasema, "Sikuhisi linayumba."

Akasema, "Utajuaje, nawe ulikuwa umelala?"

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo nilivyojua."

Akaniambia nisilete ujuaji wa vijiweni. Leo asubuhi ndipo nikakuta godoro nje. Ameniondolea taabu ya kuaga.

Swali la afande: Kama ulikuwa umelala, unaweza kuthibitisha kwamba mwenzako hakusinzia?
Jibu: Naweza. Mtu aliyesinzia hamwamshi mwenzake, hashushi gia, hapigi honi, wala hachagui udongo akawaacha watu. Na bomba bado liko chini ya trela. Mwiteni fundi, mwende mkalione leo, kabla kampuni haijaja kulivuta.

Swali: Unajua kwamba kwa maelezo haya hutapata kazi tena kwenye kampuni hiyo?
Jibu: Najua. Wao ndio walikuwa hawajui kwamba nitasema hata hivyo.

Swali: Ukipata gari kwingine, na huyu Kobe ndiye anayeendesha, utapanda kitandani ulale?
Jibu: Navua viatu hapohapo.

Nimeeleza niliyoyajua nikiwa macho na niliyoyajua nikiwa usingizini. Sitaki lolote lipunguzwe. Naweka sahihi yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maoni ya askari aliyeandika: Maelezo yamechukuliwa ofisini, shahidi akiwa na akili timamu, bila vitisho wala ahadi. Meneja wa kampuni aliomba kuingia wakati wa kuandika, nikamkatalia. Shahidi aliomba asomewe maelezo yake kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Nimeyasoma yote. Nilipomaliza, benchi la nje lilikuwa tupu. Nimemtuma askari wa pikipiki haraka kwenye eneo la ajali akalinde trela, nami namfuata fundi.