Bunduki ya Zuhair

Jalan Bani Bu Hassan,
11 Septemba 2003

Mdogo wangu Mahfudha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umeshapona kikohozi, na wote waliomo nyumbani hapo Birkat al Mauz ni wazima. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Wifi yako Huwaida magoti yanamsumbua anapoinuka kwenye sala, na mimi daktari wa Sur amenikataza chumvi, nami nimemtii kwa siku nne. Joto limeanza kupungua. Jirani zetu waliohamia kwenye mitende kwa msimu wa tende wanarudi mmoja mmoja, na mbuzi wao wanasikika tena upande wa mchangani.

Uliponipigia simu Jumatatu kuniuliza nimemchagulia Zuhair bunduki gani, nilikujibu kwamba nitakuandikia. Ulicheka, ukasema mimi ndiye mtu pekee Oman nzima anayejibu simu kwa barua. Huenda ni kweli. Lakini yaliyomo humu nisingeweza kuyasema huku unanisikia ninavyopumua.

Mwanao alifika kwangu siku ya Jumanne, akanibusu mkono na kuniamkia shikamoo kwa adabu zote, na asubuhi yake tukaenda Ibra. Kibali cha polisi alikuwa nacho mfukoni. Njiani alinieleza habari za kazi yake mpya katika kampuni ile ile ya visima aliyokuwa akiiendeshea gari marehemu kaka yake Adham. Alisema umemwapia kwamba hatoingia mchangani hata siku moja bila ya bunduki yenye sauti kubwa, itakayosikika mpaka Sur.

Tulikwenda kwa Marhun, fundi wa bunduki pale sokoni, mzee mwenye kidole kimoja pungufu na maneno mengi ya ziada. Zuhair akamwonesha katika gazeti picha ya bunduki yenye darubini juu yake. Marhun alimuuliza kama anataka kulipiga risasi jua, maana huko aendako hakuna kingine cha kulenga. Kisha akamtia mkononi bunduki kongwe ya Kiingereza, ile ya risasi kubwa, na alipoona anavyoishika akanigeukia, akasema kwamba nyinyi watu wa Zinjibar mna aibu kweli, mtoto anaishika bunduki kama fagio. Zuhair alimjibu kwamba kwao wanaofagia ni wanaume, ndiyo maana nyumba zao ni safi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaagiza kahawa.

Baada ya kahawa alizungumza kwa makini. Alisema mtu aliyekwama jangwani hahitaji bunduki ya vita. Kubwa ni nzito, risasi zake ni nzito, na mwenye kiu huitupa njiani. Anayohitaji ni nyepesi, isiyo na vyuma vingi vya kuingia mchanga, na ambayo risasi zake hamsini zinaingia katika mfuko wa kanzu. Kazi yake ya kwanza ni kuitia watu. Tatu kwa mpigo, kisha anyamaze, kisha tatu tena. Kila mtu wa upande huu, alisema, akisikia tatu wakati usio wa harusi wala Idi, huacha alilonalo mkononi na kutoka.

Mahfudha, nimemchagulia saktun. Ni bunduki ndogo, ya risasi ndogo, sawasawa na ile aliyokuwa nayo Adham.

Najua kwamba umesimama hapa. Ninakuomba uvumilie usome mpaka mwisho.

Miaka minne iliyopita, Adham alipokuwa na miaka ishirini, yeye alitaka ile kubwa ya Kiingereza na wewe ukamkatalia. Ulisema umechoshwa na bunduki tangu utotoni, na kama ni lazima basi anunue ndogo. Akanunua ndogo, kwa kukuridhisha. Mwezi wa Julai gari lake likapinduka nyuma ya matuta ya mchanga, likambana mguu, na Jumamosi akakutwa ameshafariki kwa joto. Siku ya matanga uliniuliza mbele ya wanawake wote kwa nini hakuna aliyemsikia. Mimi ndiye niliyekujibu. Nilisema bunduki yake ilikuwa ndogo mno, sauti haikufika. Nilikuona ulivyoshika kifua chako. Tangu siku ile, kila unapomtaja, unasema wewe ndiye uliyemuua kwa ile saktun, nami nimekuacha useme. Miaka minne nimekuacha.

Sauti ilifika.

Ilikuwa Alhamisi, mara baada ya adhuhuri. Jirani wote walikuwa kwenye mitende, na upande huu wa mji tulibaki mimi na Huwaida tu. Nilikuwa nimekaa ukumbini nikisahihisha karatasi za wanafunzi wa marudio. Nikasikia milio mitatu kutoka mchangani, midogo lakini bayana. Huwaida alitoka jikoni na unga mikononi, akaniambia kuna mtu anaita. Yeye kazaliwa huku, na sauti ile anaijua tangu mtoto.

Wewe ulikuwa na miaka saba mwaka ule wa sitini na nne, sijui unakumbuka nini. Mimi nilikuwa na ishirini na mbili na nakumbuka kila kitu. Baba alitia komeo, akaegemeza kabati la vyombo mlangoni, akatuingiza sote ghalani. Mama alikufunika mdomo kwa kanga. Baba alitufundisha kwamba bunduki ikilia huko nje, usitoke, usiitike, usichungulie. Kulikuwa na mtu akilia barazani petu, akituita kwa majina, na hatukumfungulia. Tulinusurika. Nilijifunza jambo moja katika siku zile tatu, na nililijifunza vizuri mno.

Basi nikatia komeo. Nilimshika Huwaida mkono, nikamwingiza ghalani kwenye magunia ya tende, nikafunga na mlango wa pili. Alinambia Mwalimu, hawa ni watu wa hapa, siyo wale wa kwenu, mtu anataka maji. Nilimwamuru anyamaze. Sikuwahi kumkaripia vile kabla ya hapo. Ikalia mitatu tena, kisha mitatu tena. Baadaye sana, karibu na alasiri, ukalia mmoja peke yake. Nilikuwa nimekaa chini, nimeziba masikio kama mtoto, na bado nilihesabu. Ilipokwisha nikamshukuru Mungu kwamba hawakufika kwetu.

Adham alikuwa akija kwangu. Kulikuwa na kikapu cha maembe ndani ya gari, tena umekifunga mwenyewe, niliijua kamba yako. Hakuniarifu, alitaka nishtuke tu. Aliijua nyumba yangu iko upande gani, na polisi waliniambia bunduki ilikutwa imeelekezwa huku. Bedui aliyefuata nyayo aliokota maganda kumi ya risasi, akayaweka kwenye kiganja changu. Kutoka pale mpaka mlangoni pangu hapafiki kilomita mbili. Nimepatembea kwa miguu. Mzee kama mimi anafika kabla chai haijapoa.

Huwaida hajanilaumu hata kwa neno moja. Lakini kila adhuhuri huenda kuufungua mlango wa uani na kuuacha wazi mpaka alasiri, hata upepo ukileta mchanga mpaka kwenye sahani, nami sithubutu kuufunga. Nakaa pale pale ukumbini. Siku nyingine nasikia mitatu. Natoka, naenda mpaka kwenye matuta, simwoni mtu. Wiki mbili zilizopita wanangu wa shule walinikuta huko bila viatu, wakanirudisha nyumbani kwa heshima kubwa.

Uliponiambia unataka bunduki ya sauti kubwa kwa ajili ya Zuhair, niliona kwamba nikikununulia, nitakuwa nimeuandika uongo ule mara ya pili, na kwa chuma safari hii. Ulichomchagulia mwanao kilikuwa sahihi. Adham alifanya kila alichofundishwa, na bunduki yake ndogo ilifanya kazi yake. Aliyekosa ni aliyeisikia.

Zuhair hajui. Saktun yake iko kwangu, imefungwa kwa kitambaa, na amesema atakuja kuichukua Alhamisi ijayo. Ukitaka nimweleze mimi kabla hajaipokea, nitamweleza, nikiwa nimesimama. Ukitaka asitie tena mguu nyumbani kwangu, nitaipeleka kwa Marhun, aichukue huko. Nitafanya utakalosema, na sitokuuliza sababu.

Barua zangu zote huzimaliza kwa kuwataja watu wa nyumbani kwako, mkubwa kwa mdogo, ili uwafikishie salamu. Safari hii nakuomba usimsalimie mtu yeyote kwa jina langu, mpaka wewe mwenyewe uwe umeamua kama bado unalipokea.

Kaka yako,
Nadhir bin Amur