Sensa aliyomfungia baba yake

Shoga, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Lori la baba mkwe, mshale wa joto ulikuwa unapanda hadi kwenye nyekundu. Mume wangu akasema injini haina shida, sensa ya joto, kile kidude kinachopima joto la injini na kuusogeza mshale, ndiyo mbovu. Akaitoa, akafunga mpya, mshale ukashuka. Mzee akapakia mzigo akaondoka huku anapiga honi.

Kumbe. Bwana kaja jikoni na ile ya zamani, kaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto na kuipima kwa mita yake ya umeme, anionyeshe ilivyokufa. Maji yanapanda joto, namba zinafuata. Alinunua mpya mbili, basi akapima iliyobaki, pacha wa ile aliyofunga. Maji yanatokota, namba hazisogei.

Akasema polepole, "Ile ya zamani ilikuwa inasema kweli. Injini inachemka, na mimi nimemfumba baba macho."

Nimemfumba baba macho, shoga. Alirudia mara ngapi sijui.

Tukapiga simu. Mzee akapokea anacheka. "Mshale umetulia kama maji mtungini. Mwanangu, wewe ni fundi."

Yule mzee! Hajawahi kumsifu tangu amzae. Kabla hatujamwambia asimame, simu ikakatika, na haikupatikana tena. Bwana akatoka mbio na pikipiki.

Amepiga sasa hivi. Mzee ni mzima, injini imekufa mlimani. Na mzee anawaambia watu wote pale barabarani, "Msimlaumu mwanangu. Kazi yake aliifanya vizuri, lori ndilo limezeeka."

Bwana analia, ananiuliza amwambieje.