Jiko la Jumamosi Pale Kapsoit

Choruenyun Asafu, rafiki yangu,

Barua hii inatoka kwa mtu mkubwa. Usicheke huko uliko. Wiki hii, ukichukua Kericho yote na Bomet yote, na viwanda vya majani chai na mameneja wake wenye tai, hakuna mtu wa maana kunishinda. Kuna Wayahudi tisa ambao hawawezi kumwomba Mungu wao mpaka mimi, arap Chirchir, nifike. Hata yule rais wa ng'ambo, yule nilikuambia alionja chai ya shamba langu akauliza imechumwa na nani, yeye hajawahi kungojwa na Mungu.

Wacha nianze vizuri.

Leo ni Alhamisi. Jumapili utakuwa umemaliza mwaka tangu tukuzike hapo nyuma ya nyumba yako Litein, karibu na parachichi. Ndugu zako wa ile nyumba ya Kapsoit, mlikokaa pamoja mkiwa chuo, wanakuja kusema ile sala ya mfiwa. Eli, mwanao, ndiye ataiongoza. Wewe mwenyewe ulinieleza zamani kwamba sala hiyo haisemwi bila wanaume kumi, watu wazima, na wote Wayahudi. Tisa hawatoshi. Tisa, ulisema, ni watu tu wamesimama pamoja.

Sasa Mika amehesabu. Mika yule mdogo wenu, aliyeingia ile nyumba mimi nikiwa nimeshahama Kapsoit, siku hizi ni mpimaji wa mashamba huko Nakuru na ndiye anapanga kila kitu tangu uende. Ameandika kwenye grupu ya simu: "Tumefika tisa pamoja na Eli. Mzee arap Chirchir ni wa kumi. Mungu ashukuriwe." Watu wakaweka mikono ya kuomba. Na mimi, Asafu, nikaweka kidole gumba.

Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa, na mke wangu, Mama Chebet, anaimba kwaya. Unajua hivyo, Daudi mwenzako wa ile nyumba anajua hivyo, hata ng'ombe wangu anajua. Lakini Mika anajua nini? Anajua ripoti zangu tu.

Hizo ripoti ndizo zimenimaliza. Kila mwaka mpya wenu, ile sikukuu ya asali na matofaa, lazima kila ndugu aseme maisha yamemfikisha wapi: kazi, nyumba, watoto, na kitu kimoja kilichomshinda. Wewe ndiwe ulikuwa unazikusanya. Uliponiingiza kwenye grupu Daudi aliuliza huyu naye anaripoti nini, ukamjibu kwamba aliyewasha moto ana haki ya kujua walioota wamefika wapi. Sijasahau hilo neno. Nikasoma habari zao zote. Daudi, aliyekuwa anaogopa soketi ya ukuta, sasa ni mhandisi wa barabara. Habakuki, yule wa kuanguka hesabu kila muhula, anashika pesa za chama cha ushirika na bado hawajamfunga. Mmoja anafuga samaki, mwingine ameoa mara ya pili na kitu kilichomshinda ameandika ni hicho hicho. Watu wamesoma, wamepanda. Na mimi niliachia darasa la saba, niandike nini? Kwamba napima majani kwa kituo cha kununulia chai? Nikaandika "Mkurugenzi wa Mizani". Mwaka uliofuata nikaandika kwamba kiwanda hakifunguliwi mpaka nipige simu. Mwaka wa tatu nikaanza kuandika "sisi". Sisi wa nyumba ya Kapsoit. Sisi tulipokuwa tukishika Sabato. Wewe ulikuwa unanitumia ile sura ya kucheka mpaka machozi, faraghani, basi mambo yanaisha. Sasa haupo na hakuna wa kucheka. Maneno yangu yamebaki hapo yakisomwa na watu wazito kama kweli.

Tangu Jumatatu, nikiwa kwenye mizani nasoma kilo vibaya, akina mama wanapiga kelele, "Arap Chirchir, hayo majani ni yangu, si ya huyo." Nawaza niandike kwenye grupu, nachukua simu, naiweka. Wazee wa grupu wanaonijua wamenyamaza. Nadhani kila mmoja anafikiri mwenzake ameshamweleza Mika. Na nikinyamaza mimi pia, nani atajua? Nitasimama nyuma, nitasema amina wakisema. Halafu nakumbuka: wewe utajua. Mwanao atasimama mbele ya watu na kitabu, aseme maneno yake yote, na itakuwa ni watu tu wamesimama pamoja. Na aliyeharibu ni mimi, kwa kidole gumba.

Unakumbuka zile Jumamosi? Kericho ikiamua kuwa na baridi haibishani na mtu. Mlikuwa mnawasha jiko la makaa Ijumaa kabla jua halijatua, na kufika asubuhi limekufa, na hamruhusiwi kugusa moto mpaka jioni. Mimi napita na ndoo ya maziwa. Mlikuwa hamniombi, maana kuomba pia kulikatazwa. Mlikuwa mnakaa hapo na blanketi mabegani, mkisema mambo yasiyo na mwenyewe. "Hii nyumba leo imekuwa kaburi," anasema Daudi akiangalia dari. "Makaa yako pale kwa kona, lakini ni makaa tu," unasema wewe. Na mwalimu Natani, mzee wenu aliyekuwa akiwafundisha Kiebrania, anafunga macho kama hasikii. Ni yeye alinifundisha ile sheria: mtu wa nje akiwasha moto kwa ajili yake mwenyewe, wa ndani wanaweza kuota bila dhambi. Akiwasha kwa ajili yao, dhambi ni yao. Kwa hivyo nilikuwa naweka ndoo chini, natangaza kama mtoza ushuru, "Mimi ndiye nasikia baridi." Naliwasha jiko, nakaa karibu kwanza ili ionekane ni langu, halafu mnasogea mmoja mmoja kama kuku.

Niliwaambia wakati ule nakaa kwa mjomba wangu, kwenye bangalo ya kampuni ya chai, yenye mahali pa moto ukutani. Na kwamba naja tu kuwahurumia.

Nitaendelea. Binti yangu Chebet anataka kalamu yake.

Ni Jumapili usiku. Asafu, kaa chini kama huko kuna viti.

Nilifika Litein na kofia ya kuazima. Watu wamejaa sebuleni, Mama Eli amepanga vikombe, Eli amesimama karibu na dirisha na kitabu chako, kile chenye chai imemwagika kwa jalada. Amekuwa mwembamba kama wewe ukiwa chuo. Alinishika mkono na kuniambia, "Anko, asante kwa kuja. Bila wewe ingekuwaje." Ningeweza kumdanganya Mika mpaka kesho kutwa. Yeye hapana.

Nikamvuta Mika mpaka nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia, "Mika, mimi si wa kumi." Akanipiga bega, "Mzee, usijishushe." Maisha yangu yote hakuna mtu amewahi kuniambia nisijishushe. Ningetaka kuiweka hiyo kwenye fremu. Nikasema tena, "Mimi si Myahudi. Nilikuwa mtu wa jiko." Akaniangalia kama mtu amepima shamba akakuta ni la jirani. Daudi naye akatokea, tumbo mbele, akauliza kuna nini. Alipoambiwa akasema, "Kwani Mika, ulikuwa unamhesabu kwa sala? Mimi nilijua ni kwa vikombe."

Basi habari ikaingia sebuleni. Hakuna aliyenitukana, na hiyo ndiyo iliuma. Habakuki alihesabu watu upya, polepole, na kwa mara ya kwanza hesabu yake ikawa sahihi: tisa. Mmoja akasema waimbe zaburi tu waende. Mwingine akasema jua linashuka, likizama siku ya kumbukumbu imepita. Eli alifunga kitabu. Asafu, nimeona mvua ya mawe ikikata shamba lote la chai likabaki vijiti, lakini sikuwahi kuumia kama nilivyoona hicho kitabu kikifungwa.

Ni mkeo aliyeokoa. Alikuwa mlangoni na birika. Akauliza, "Mwalimu Natani si yuko Roret kwa binti yake?" Mika akamjibu kwamba mzee hatoki kitandani, ameshaomba radhi. Mama Eli akasema, "Yeye hatoki. Nyinyi mmelala kitanda gani?"

Nikampigia Bett, jirani yangu mwenye pikapu ya kubeba maziwa. Hapa niruhusu nijisifu kidogo kwa sababu ni kweli: alikuja mbio, akakataa hata kuuliza. Waheshimiwa wote wakapanda nyuma kati ya mitungi. Daudi, mhandisi wa barabara, alipigwa na kila shimo kati ya Litein na Roret, na Habakuki akawa anamuuliza, "Hii nayo ni yako? Na hii?" Hata Eli alicheka. Mimi nilikuwa mbele na Bett nikiangalia jua. Sijawahi kuangalia jua namna hiyo. Lilikuwa limekaa juu ya miti ya mikaratusi na mimi namwambia Bett kanyaga, na Bett ananiambia maziwa yatamwagika, na namwambia leo hakuna maziwa, Bett, ni watu.

Tulifika jua likiwa limebakisha upana wa kiganja lizame. Walijibana kwenye chumba cha mzee, wengine wamesimama kwa kona ya kabati. Mimi nilibaki jikoni na binti yake. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mchana, Roret yote ilikuwa inatoa moshi mdomoni kwa baridi. Nikawasha jiko, makaa yalipoacha kutoa moshi nikaliweka hapo koridoni, mlango wa nje nikauacha wazi. Halafu nikamsikia Eli. Alianza chini, sauti ikakatika, na sauti ya mzee Natani ikatoka kitandani kama mkono, ikamshika, wakaenda pamoja. Na wale wengine wakajibu amina, nyumba ikatetemeka. Wanaume kumi, Asafu. Kumi wa kweli. Mimi nilisema amina yangu jikoni, polepole, ya kwetu, isihesabiwe.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini walipokuwa wakitoka mzee aliita. Amekuwa mdogo kama mtoto, macho yameingia ndani. Akaniuliza, "Wewe ndiwe yule aliyekuwa anasikia baridi?" Nikasema ndimi. Akanishika kidole. Akasema, "Nimekaa na jambo hili miaka yote. Ulikuwa unasikia baridi kweli, au ulikuwa unatuhurumia?"

Na Daudi amesimama hapo. Na Mika. Wote tayari wamenijua kwa aibu moja leo. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Mwalimu, mimi mtu wa Kipsigis, baridi ni shati langu. Na nilikuwa natoka kwa bangalo yenye moto ukutani. Niliwasha kwa ajili yenu."

Wengine walicheka. Mzee aliachia kidole changu, akasema, "Basi ilikuwa juu yetu," akageuka ukutani.

Nimerudi nyumbani na hiyo sauti. Mama Chebet ameweka ugali na maziwa ya mursik mbele yangu na ugali umepoa. Mzee ambaye amelala akingoja kuitwa, nimempa mzigo wa dhambi za Jumamosi zote ili Daudi asinione mdogo. Kesho asubuhi, kabla mizani haijafunguliwa, nakwenda Roret kwa miguu. Naomba tu nimkute. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe hutacheka mbele ya watu.

Lala salama, choruenyun. Jiwe dogo nimeliweka juu yako leo kama mnavyofanya, nimelitoa kwa shamba langu. Kila mwaka nitakuja Litein na makaa yangu, na kwenye ripoti nitaandika "mpima majani". Nakuahidi, na unajua ahadi kwangu ni kitu kigumu.

Hakukuwa na bangalo, Asafu. Nilikuwa mlinzi wa kinu cha posho pale nyuma ya soko la Kapsoit. Nililala juu ya magunia, na moto ulikatazwa kwa sababu ya vumbi la unga. Mlango ulikuwa bati moja. Nilikuwa napita kwenu na ile ndoo mara mbili, tatu, nikingoja mtu aseme kitu kuhusu baridi ili nipate njia ya kuingia.

Ni mimi niliyekuwa nasikia baridi.

Wako,
Chirchir