Ubao wa Mzee Ng

Jumanne, 6 Februari 2018

Nimefungua meza saa mbili. Vitabu vya sheria mbele, riwaya nyuma, kamusi ubavuni. Mvua ya jana imelowesha sanduku zima. Hasira. Nimevianika juu ya kreti za soda za Mzee Ng.

Asubuhi yote ugomvi. Kwanza na muumini wa kanisa la ghorofani, aliyesema wageni hawana historia, wana njaa tu. Nimemjibu mpaka akasahau alichokuja kununua. Kisha na Idi, mwanangu, kwa simu. Sitaki aendelee kuitwa Idi Binti. Nilipofika nchi hii nilimtajia karani jina langu kamili, Zubeda binti Ramadhani, kama tunavyotajwa wanawake wa Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili kule Bujumbura. Karani akaandika: jina, Zubeda, ukoo, Binti. Baba yangu akafutwa kwa kalamu. Leo mwanangu wa kiume, mwenye ndevu, ni Bwana Binti. Nataka nilirekebishe. Yeye anacheka. "Mama, sharp tu, poa. Uwanjani wote wananijua kwa jina hilo."

Mzee Ng amesikia akacheka pia. Ana haki. Duka lake la jumla, mablanketi na sufuria, liko nyuma ya meza yangu hapa katikati ya jiji, na maisha yake yote wateja wamemwita Bwana Eng, Bwana Ing, Bwana En-Ji. Siku ya kwanza nilipomtamkia jina lake sawasawa, alitoka nje kunitazama. Si muujiza. Chukua ng'ombe, mwondolee "ombe", amebaki Mzee Ng. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo.

Jumapili, 11 Februari

Lynette anaolewa. Ni mtoto pekee wa Mzee Ng, na Mzee ni mjane. Bwana harusi anaitwa Desmond Goh, Mchina wa Penang, Malaysia, fundi wa lifti. Mkataba wake unaisha Juni. Wakioana, anabaki Johannesburg. Wasipooana, anarudi kwao.

Nimealikwa kwenye mwaka mpya wao. Nimeamua kuwapa zawadi: historia ya jina lao. Mzee mwenyewe haijui. Alizaliwa mji wa migodi mashariki mwa hapa, baba akafa yeye bado mdogo, akalelewa na masista wa misheni. Kichina hasomi, isipokuwa tarakimu za majong, ule mchezo wa vigae anaocheza na wazee wenzake Cyrildene, mtaa wa Wachina, kila Jumapili. Alichobakiwa nacho ni kidogo. Kaburi la baba, analolisafisha kila Aprili. Na ubao mwekundu juu ya kaunta, wenye herufi moja ya dhahabu. Alimwendea mchoraji zamani, akamwambia, "Niandikie Ng." Akaandikiwa.

Nimeinakili herufi hiyo. Mdomo juu, miguu chini. Nimesoma wiki nzima. Yule wa kanisani anayesema hatuna historia angekuwepo!

Ijumaa, 16 Februari

Mwaka mpya wa Kichina, nyumbani kwa Mzee Ng. Samaki mzima mezani, kichwa kimeelekezwa kwangu. Heshima. Nyama ya nguruwe imewekwa mwisho wa meza bila mtu kusema neno. Heshima kubwa zaidi.

Nikasimama. Nikaeleza. Jina lao ni jina la nchi. Zamani sana, mkuu mmoja wa kaskazini alitaka kiti kimwendee mwanawe wa mwisho. Mkubwa akaelewa. Hakupigana, aliondoka. Akaenda kusini, kwa watu walioitwa washenzi. Akakata nywele kama wao, akajichora mwili kama wao. Wakamfanya kiongozi. Nchi ikaitwa Wu. Yaani mwanzilishi wa ukoo ni mhamiaji! Hapo nilipiga meza. Mchuzi ukamwagika.

Baadaye nchi ikatekwa. Watu wakabaki na jina lake tu, wakalifanya la ukoo, wakasambaa nalo. Beijing wanasema Wu. Kanton wanasema Ng. Vietnam wanasema Ngo. Meli zikalipeleka Singapore, Kuba, San Francisco, Johannesburg. Herufi ileile, vinywa mbalimbali. "Na Fujian," nikasema, kwa sauti ya kufunga hotuba, "Fujian walikotoka watu wa Penang, herufi hiyohiyo inatamkwa Goh!"

Nilitarajia makofi. Desmond alitazama sahani yake. Lynette alifumba macho. Mzee Ng aliweka vijiti vyake chini, kimoja kimoja.

Sijui nimesema nini kibaya.

Jumamosi, 17 Februari

Nimejua.

Lynette amenijia mezani hata salamu hakuna. "Tulijua, Auntie. Desmond aliuona ubao siku ya kwanza alipoingia dukani. Tukakubaliana tunyamaze. Baba angekufa bila kujua, na wajukuu angewapata. Wewe siri haikukaa nawe hata mpaka matunda yaletwe. Eish!"

Katika mila chache alizoachiwa Mzee na baba yake, moja ni hii: wa jina moja hawaoani. Hata mmoja awe wa Penang na mwingine wa Johannesburg. Ni ndugu. Amesema hakuna ndoa.

Nikamwambia Lynette mila hiyo imepitwa na wakati, hata Uchina sheria haikatazi. "Basi kamwambie yeye," akasema. "Si wewe ndiye msemaji?"

Jumatano, 21 Februari

Nimekwenda kumwambia yeye. Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa maadui. Nikamwambia damu ya mababu wa zama zile imeshakuwa maji. Nikamwambia mila ni ya watu, si watu wa mila. Nikamwambia anamzika bintiye kwa sababu ya ubao. Nilikuwa mkali, na nilikuwa sahihi.

Aliendelea kukunja mablanketi. Kisha akauliza, "Mama Idi, Furaha ana damu yako?"

Nikaona mtego, nimechelewa. Furaha ni mtoto wa jirani yangu Mkongomani, mtaani kwetu Berea. Nilipougua Idi akiwa mchanga, mama yake Furaha ndiye aliyemnyonyesha. Mwaka jana Idi alianza kumtazama msichana yule kwa jicho jingine. Nikamkataza siku hiyohiyo. Ziwa moja, ndugu. Na nilimsimulia Mzee Ng haya yote, mimi mwenyewe, kwa fahari.

"Hana damu yangu," nikasema.

"Jina lako analo?"

"Hana."

"Ni maziwa tu."

"Ni maziwa."

"Maziwa yako ni dini. Jina langu ni ujinga?"

Nimerudi kwenye meza yangu nikapanga vitabu upya, vyote, ovyo.

Jumapili, 4 Machi

Mzee hatoki tena kuniletea chai. Mimi simwiti. Namchukia kidogo. Najichukia zaidi kidogo.

Desmond amekata tiketi ya Juni. Ya mtu mmoja.

Jumapili, 18 Machi

Nimeandika barua nne za kumwomba Mzee radhi. Zote ziligeuka hotuba kufikia aya ya pili. Nimezichana.

Idi amekuja kula. Nimempikia maharage ya mawese. Nikamweleza hoja zangu zote, na kwamba ile ya maziwa ningeweza kuijibu, nimeshaipata njia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu. Kisha: "Mama, unashinda mjadala halafu unabaki peke yako ukumbini."

Nimemwambia aoshe vyombo.

Jumapili, 8 Aprili

Niandike polepole. Si kwa huzuni.

Leo wamesafisha kaburi. Kila mwaka huwa naenda nao, nabeba ndoo. Mwaka huu sikualikwa. Nilikwenda. Lynette alisimamisha gari kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Fordsburg, mimi nikiwa nasubiri na ndoo yangu kando ya barabara, akacheka bila kutaka. Akafungua mlango. Mzee Ng, kiti cha mbele, hakugeuka.

Desmond alikuwa ameshafika makaburini. Hakualikwa yeye pia. Alikuja na brashi ya waya. Alisema anataka kumuaga marehemu kwa heshima, kisha aende zake. Mzee hakumfukuza. Kwa Mzee Ng hiyo ni nusu ya ruhusa.

Jiwe lile kwa mbele limeandikwa kwa Kiingereza: A. NG. Huko ndiko Mzee huosha kila mwaka. Nyuma linatazama ukuta, limefunikwa na kuvu. Desmond akaenda nyuma. Tukasikia brashi kwa muda mrefu. Kisha hatukuisikia tena.

"Uncle," akaita. "Njoo utazame."

Tukaenda sote. Maandishi ya Kichina yalikuwa yametokea, mstari wa kushuka. Kidole chake kilikuwa kwenye herufi ya juu kabisa. Akasema kuna Ng mbili. Kwa Kanton zinaandikwa sawa kwa herufi za Kizungu, ila sauti moja huzama na nyingine hupanda kidogo. Yake, na ya kwenye ubao, ni ile inayozama. Ya kwenye jiwe ni nyingine. Jina jingine. Ukoo mwingine.

Mzee akacheka kicheko kibaya. "Kijana anayetaka mke atasoma lolote."

Na mimi, Zubeda, msemaji, nilitoa kwenye mkoba karatasi yangu ya Februari, ile niliyonakili ubaoni. Nikaiweka kando ya jiwe. Ya karatasi: mdomo juu, miguu chini. Ya jiwe: mtu amesimama, na ubavuni mwake kitu kama ngazi iliyopinda. Hata mbuzi angeona si moja.

Mzee akainama. Akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa. Akaipapasa herufi ile kwa dole gumba, kama anavyopapasa vigae vyake kabla ya kuvitupa mezani.

"Hii ni tano," akasema.

"Ndiyo, Uncle. Tano yenye mtu ubavuni."

"Hii ni tano ya majong! Ninayo mkononi kila Jumapili!"

Akakaa chini, kwenye majani yenye maji. Maisha yake yote amekuwa akilitupa mezani jina la baba yake na kupigia kelele wenzake waharakishe. Mchoraji wa ubao alisikia "Ng", akaandika ile inayojulikana zaidi. Mzee hakuwa na sikio la kumsahihisha. Mimi nilikuwa na ulimi wa kutamka Ng, nikadhani nina sikio pia. Kiswahili kilinipa herufi hiyo bure. Kupanda na kuzama hakikunipa.

Lynette alikuwa analia na kucheka. Mzee akamtazama Desmond kwa muda. "Goh," akasema, "nishike mkono. Magoti."

Desmond akamshika. Hawakuachana mikono mpaka kwenye gari.

Jumatatu, 9 Aprili

Sikuweza kuacha. Nimeifuatilia Ng ya tano. Ukoo mdogo zaidi. Asili yake ni nchi ya Chu, jirani wa ile nchi ya Wu. Wengi wa Kanton walitoka wilaya moja, Taishan, na kutoka hapo wakaenda Amerika, Malaya, hadi huku kwetu. Kuna Ng, kuna Eng, kuna Woo. Kumbe nao wamepata makarani.

Na hili: mtu mashuhuri kuliko wote wa ukoo huu alikuwa mkimbizi. Mfalme wa Chu alimuua baba yake na kaka yake. Akakimbia. Wanasema nywele zake ziligeuka nyeupe akingojea kuvuka mpaka. Akavuka. Nani alimpokea? Wu. Nchi ya akina Goh! Wakampa makazi na cheo.

Nimesoma sentensi hiyo nimesimama.

Mwisho wake baadaye ulikuwa mbaya, mfalme mpya wa Wu alimgeuka. Hilo sitalisema harusini. Naapa. Nimeanza kujifunza.

Nimempelekea Mzee chai kwanza, habari baadaye. "Pole kwa ile siku," nikasema, nikaishia hapo. Neno fupi kuliko yote niliyowahi kumwambia. Akaniomba niseme Ng inayopanda. Nikasema. Akasema hajui kama nimepatia. Tukajaribu wote wawili, ng', ng', mpaka mteja wa mablanketi akarudi nyuma hatua moja.

Jumapili, 24 Juni

Asubuhi baridi, jua jembamba. Miguu inauma kwa viatu vya jana.

Harusi imepita. Ukumbi ulikuwa mdogo, chakula kingi, na samaki wangu alielekea upande wangu tena. Waliniomba niseme machache. Nikasema machache. Idi alinipimia kwa saa na bado haamini. Nilisimulia mkimbizi aliyevuka mpaka na nchi iliyompokea, nikakaa.

Kisha Mzee Ng akaleta zawadi, imefungwa kwa blanketi la dukani. Ubao. Ule mwekundu, herufi ya dhahabu, umefutwa vumbi. Akaukabidhi kwa mikono miwili.

"Goh," akasema, "jina hili ni lako. Nilikuwa nakutunzia."

Desmond aliinama, na ubao kifuani.

Kuhusu jina la Idi nimeacha. Ukumbini alijitambulisha kwa mjomba wa Penang: "Binti." Mjomba akauliza ukoo huo unatoka wapi. "Buyenzi," akajibu mwanangu, bila kusita, kwa Kiswahili kizuri ambacho sijakisikia kwake siku nyingi. "Ulianza na mama yangu." Basi na liwe hivyo. Babu yake Ramadhani atanisamehe.

Leo duka limefungwa, lakini nilipita kuchukua vitabu vyangu. Mzee alikuwa ndani, peke yake, juu ya ngazi. Juu ya kaunta, mahali pa ubao, ukuta umebaki na mraba mweupe kuliko kwingine. Katikati amebandika kigae kimoja cha majong, ile tano, kwa gundi.

"Kwa sasa," akasema kutoka juu.

Nikamshikia ngazi ashuke.