Picha ya Sufuria

Iringa, 9 Februari 2025

Mwanangu Yusta,

Kamwene. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua na baridi hii. Huko Ilomba mnaendeleaje? Naandika barua kwa sababu kwenye simu nikianza kukusema unasingizia mtandao.

Mwalimu mwenzako Damari alipita hapa akanionyesha picha ya kipindi chako cha mapishi. Umebandika ubaoni karatasi ya manila: sufuria, mwiko na jiko, vyote vya kuchorwa. Watoto wanaimba majina. Miaka yote niliyofundisha sayansi kimu sijaona mtoto aliyeshiba mchoro. Mimi niliingia darasani na jiko linawaka, na kila mtoto alikoroga. Ninyi chuoni mmesomea kubandika. Mwalimu mkuu wako anakusifu kwa kuwa karatasi haichafui sakafu.

Nakutumia vyombo vyangu kwa basi, na jiko limo. Wapikie uji wakuone, na usiniaibishe.

Mama yako

Ilomba, 3 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, pole na magoti.

Vyombo vilifika. Mthibiti ubora alipokuja kukagua nikawasha jiko mbele ya darasa zima. Maji yalipochemka nikamwaga unga mkavu. Ukafanya mabonge, na chini ukashika. Watoto walicheka, na yeye akaandika kwamba somo silimudu. Atarudi mwezi wa saba. Nikishindwa tena nanyang'anywa somo, na mimi nalipenda, mama, hata la karatasi.

Mwanao Yusta

Iringa, 10 Machi 2025

Yusta,

Hapa salama, sijui huko.

Unga mkavu kwenye maji ya moto! Unga wa uji unakorogwa kwanza na maji ya baridi, hata wa darasa la tatu niliyemfundisha mimi anajua. Nimefundisha nusu ya mji huu, halafu wa kwangu ndiye anayepika lami. Sijui ulikuwa unatazama nini miaka yote uliyokaa nyumbani kwangu.

Mama yako

Ilomba, 30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yana nafuu.

Nilikuwa natazama mgongo wako. Kila nikiingia jikoni ulisema, "Toka, utaniharibia." Nikishika mwiko unaninyang'anya. Wageni wakija natumwa kufuta viti. Watoto wa watu walikoroga, mimi nilisikia harufu tu nikiwa sebuleni. Nachora kwa sababu kuchora nilijifunza bila mtu kusimama nyuma yangu akiguna. Imeniuma, na bado inaniuma.

Vyombo vyako vinakuja na basi la Jumatatu.

Yusta

Iringa, 1 Juni 2025

Mwanangu,

Kamwene. Magoti hayana nafuu yoyote, usijifanye mganga.

Vyombo nimevipata. Jiko umelisugua kwa mchanga, limekwaruzika lote, sijui nani alikufundisha. Barua yako nimekaa nayo, na mwandiko wako ni mbaya kuliko maneno yenyewe.

Shule zikifunga, njoo. Utapika wewe kila siku, mpaka huyo mthibiti wenu akose la kuandika. Mimi nitakaa nje, na mlango wa jikoni nitaufunga mwenyewe. Jumapili moja ya likizo yako jumuiya itasali hapa kwetu. Wanakuja wanawake wa kanisani, wengi wao wanafunzi wangu, na midomo yao unaijua. Watakula ulichopika. Kikiwa kibaya watanigeukia wote. Nitawaambia kapika Yusta, kisha nitaomba sahani ya pili.

Mama